Siri ya Mama na Sikio la Bibi Kizee: Usomaji wa Ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa

Ikisiri

Ngano ya Masala Kulangwa, mojawapo ya ngano zinazofahamika sana miongoni mwa Wasukuma, imezoeleka kusomwa kama ngano ya shujaa: kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu tumboni mwake. Makala hii inaisoma kwa kuwatazama wanawake wawili ambao uhakiki umewapita haraka. Wa kwanza ni mama, aliyehifadhi habari ya maangamizi na kuitoa mwanawe alipouliza. Wa pili ni bibi kizee, aliyekatwa sikio wakati wa ukombozi na ambaye hasira yake inaitwa uchawi. Makala inadai kwamba kazi kuu ya mama katika ngano hii ni kukataa kila kiumbe kinachodaiwa kuwa zimwi ilhali sicho, na kwamba kazi hiyo ndiyo inayotusaidia kuelewa kwa nini mwishoni bibi kizee anatibiwa badala ya kuuawa. Usomaji huu unahusishwa na mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

1.0 Utangulizi

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, neno "kikongwe" limebeba uzito ambao kamusi haiuelezi. Kwa miongo kadhaa, habari za mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi zimekuwa zikitoka katika vijiji vya Usukumani. Macho mekundu yamekuwa yakitajwa kama ushahidi wa uchawi, ingawa wekundu huo una maelezo yaliyo wazi: ni moshi wa miaka mingi jikoni, mahali ambapo kuni ni adimu na samadi ya ng'ombe hutumika kupikia. Simeon Mesaki, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1993 kuhusu uchawi na mauaji ya wachawi Tanzania, alionyesha kwamba jambo hili haliwezi kuelezwa kwa imani peke yake. Lina uhusiano na ardhi, urithi, ujane, na mabadiliko ya makazi na ya mamlaka vijijini.

Uhakiki wa fasihi una nafasi gani katika suala kama hili? Jibu la haraka ni kwamba haina nafasi, na kwamba hayo ni mambo ya polisi, mahakama na wanasosholojia. Makala hii haikubaliani na jibu hilo. Kabla mtu hajaitwa mchawi lazima kuwe na simulizi inayomweka mahali pa mchawi. Mtoto amefariki, ng'ombe wamekufa, mgodi umekauka, nani amesababisha? Anayetoa jina anakamilisha simulizi ambayo wasikilizaji wake walikwisha kuijua mwanzo wake. Kwa hiyo ni halali kuuliza simulizi za jadi za eneo hilohilo zinasema nini kuhusu namna ya kumtambua adui, na kuhusu mwanamke mzee aliyekasirika.

Ngano ya Masala Kulangwa inajibu maswali yote mawili. Hata hivyo, majibu yake yamefunikwa na namna tulivyozoea kuisoma.

2.0 Ngano na Wasomaji Wake

Toleo linalotumika hapa ni lile lililochapishwa na Joseph Healey na Donald Sybertz mwaka 1996, katika kitabu chao kuhusu teolojia simulizi ya Kiafrika. Sybertz alikuwa mmisionari katika Jimbo Katoliki la Shinyanga na alikusanya methali, vitendawili na ngano za Kisukuma kwa muda mrefu akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Kwa kuwa toleo hilo ni tafsiri, hoja za makala hii zimejengwa juu ya matukio na mpangilio wake. Hazikujengwa juu ya maneno.

Muhtasari wake ni huu. Zamani zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na wanyama wote, isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya rundo la makapi. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina linalofasiriwa kuwa mwerevu aelewaye upesi. Mtoto alipokua akamuuliza mama yake kwa nini wako wawili tu, na wengine wako wapi. Mama akamweleza. Kijana akaondoka kwenda kulitafuta zimwi. Kwanza aliua panzi, akarudi akiimba kwamba amelishinda Shing'weng'we. Mama akamwambia kwamba huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Akaua ndege, kisha swala mdogo, kisha mnyama mkubwa zaidi, na kila mara jibu likawa hilohilo. Hatimaye akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, wakatoka baba yake, ndugu zake na watu wote. Katika kupasua huko alimkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi akakasirika, akamtukana, akataka kumloga. Kijana akalindwa na rafiki zake, na baadaye akatafuta dawa akamponya. Watu wakamfanya Masala Kulangwa kuwa mtemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Ngano hii imesomwa kwa njia mbili kuu. Katika usomaji wa kisiasa, zimwi ni ukoloni na unyonyaji, na kijana ni kiongozi wa ukombozi. Katika usomaji wa kidini, ambao ndio hasa wa Healey na Sybertz, kijana ni mfano wa Kristo anayewatoa watu katika tumbo la mauti. Njia zote mbili zina mashiko, na ni dalili ya uhai wa ngano hii kwamba imeweza kubeba mizigo hiyo. Hata hivyo, zote zinakwenda moja kwa moja kwa shujaa. Katika zote mama ni mlango tu wa kumleta shujaa duniani, na bibi kizee ni kikwazo kidogo kabla ya sherehe. Hata mtu akichukua mkabala wa kimuundo wa Vladimir Propp (1928), unaochambua ngano kwa majukumu ya wahusika, bado mhimili ni safari ya shujaa.

Mulokozi (1989) alitukumbusha kwamba fasihi simulizi ni tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Tukilichukua wazo hilo kwa uzito, swali la nani anasikiliza linakuwa sehemu ya maana. Je, ngano hii inasema nini inaposikilizwa na bibi kizee mwenyewe, aliyeketi pembeni ya moto uleule uliomwekundisha macho?

3.0 Mama: Mwenye Siri na Mwenye Kipimo

Mahali mama alipojificha panastahili kutazamwa. Makapi ni mabaki ya kupeta, na kupeta nafaka ni kazi ya wanawake. Jamii nzima imemezwa pamoja na mashujaa wake, ng'ombe wake na watemi wake, na kinachobaki ni mwanamke aliyefunikwa na takataka za kazi yake ya kila siku. Zimwi halikutazama makapini kwa sababu halikutarajia kwamba hapo pana kitu chenye thamani. Uhai wa ukoo umehifadhiwa mahali pasipohesabiwa.

Anapojifungua, mama huyu anakuwa mtu pekee duniani mwenye kumbukumbu. Mtoto hajui kwamba kuna kitu kilichopotea, kwa kuwa kwake yeye ulimwengu wa watu wawili ni ulimwengu kamili. Mama anaijua habari ya baba, ya ndugu na ya zimwi, na anakaa nayo. Ngano haimlaumu kwa kukaa kimya, wala haituonyeshi akihangaika. Siri inatolewa siku mtoto anapouliza, yaani siku akili yake imefika mahali pa kuona kwamba wawili ni wachache mno. Hapa siri ya mama haiwi uongo. Ni habari inayosubiri mwenye kuipokea. Jina la mtoto linathibitisha hilo, kwani uelewa wake ndio unaoifungua siri.

Kisha inakuja sehemu ambayo wahakiki huipita kama kichekesho: panzi, ndege, swala. Ni kweli kwamba hadhira hucheka. Lakini tutazame muundo wake. Kijana anaua, anatangaza ushindi, anaimba. Mama anatazama kilicholetwa na kusema kwamba sicho. Tendo hili linarudiwa mara nne, na katika fasihi simulizi takriri ya namna hii ni mafunzo. Linafunza mambo matatu.

Kwanza, shujaa hajui sura ya zimwi. Ana nguvu, ana nia, ana hasira ya haki, lakini hana ujuzi wa kumtambua adui. Ujuzi huo uko kwa mama peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeliona. Bila mama, ngano ingeishia kwa panzi, na kijana angekuwa mtemi wa watu wawili akiamini kwamba amelipiza kisasi cha ulimwengu.

Pili, wimbo wa ushindi si ushahidi. Kijana anaimba kwa furaha ileile baada ya panzi na baada ya zimwi. Furaha ya aliyeua haitofautishi kati ya adui wa kweli na kiumbe kisicho na hatia. Kipimo lazima kitoke nje ya furaha hiyo.

Tatu, mama anakosoa bila kuaibisha. Anakataa madai, lakini anayapokea mawindo: tumchome, tumle. Kosa linageuzwa kuwa chakula, na kijana anatoka tena kesho yake akiwa na moyo na akiwa ameshiba. Huu ni umama wa namna ya pekee. Unalea nguvu za mwana na wakati huohuo unazuia nguvu hizo zisijidanganye.

Mtindo huu si wa Usukumani peke yake. Katika ngano ya pwani ya Nunda, paka mla watu, iliyochapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870, mwana mdogo wa sultani naye anarudi na mnyama mmoja baada ya mwingine akidai amemuua Nunda, na mama yake anamkatalia kila mara. Kufanana huko kunaonyesha kwamba kukataa kwa mama ni kiungo cha msingi cha aina hii ya ngano za mazimwi, wala si pambo la msimulizi mmoja. Tofauti pia ina maana. Katika ngano ya Steere, mnyama ni paka wa sultani mwenyewe, ambaye baba alikataa kumdhibiti alipokula ndama, mbuzi na hatimaye watu. Zimwi limelelewa nyumbani, na baba ndiye aliyelifumbia macho. Simulizi inaishia kwa furaha ya mji na heshima ya mwana. Ngano ya Kisukuma haiishii hapo, kwani baada ya zimwi kufa kunabaki jambo moja lisilofurahisha. Kunabaki sikio.

4.0 Sikio: Gharama ya Ukombozi

Bibi kizee anaingia katika ngano akiwa tayari ameumizwa. Hana jina, hana mume, hana mtoto anayetajwa. Watu wote wanatoka tumboni wakiwa wazima, naye anatoka akivuja damu. Kisu kilichomtoa gizani ndicho kilichomkata.

Sentensi inayofuata katika masimulizi ndiyo ngumu kuliko zote: bibi alikasirika, alitukana, alitaka kumloga kijana. Hasira, matusi na uchawi vimewekwa katika mstari mmoja kana kwamba kimoja kinazaa kingine bila maelezo. Angekuwa kijana aliyekatwa sikio, hasira yake ingeitwa hasira. Hapa ngano inabeba ubaguzi wa jamii iliyoisimulia, na mhakiki hana sababu ya kuuficha. Mwanamke mzee asiye na mtu wa kumsemea hana lugha ya malalamiko inayoweza kusikika kama malalamiko. Kila anachosema kwa uchungu kinasikika kama laana.

Linganisha hali yake na ya mama wa shujaa. Wote wawili walikuwepo wakati wa maangamizi, na wote wana umri na kumbukumbu. Kinachowatofautisha ni mwana. Mwenye mwana anakuwa mama wa mtemi, na asiye na mwana anashukiwa. Umama katika ngano hii ni kinga, na kukosekana kwake ni hatari. Fasihi ya Kanda ya Ziwa inalijua jambo hili vyema. Katika riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 baada ya kuandikwa kwanza kwa Kikerewe, Bugonoka anasimangwa na wakwe kwa kukosa mtoto hadi ndoa yake inavunjika kwa muda. Anayeirejesha hadhi yake ni mume asiyekata tamaa na mganga Kibuguma, ambaye dawa zake zinamwezesha kupata watoto. Kwa Kitereza, uganga ni kazi ya kurudisha mtu ndani ya mahusiano yake.

Maana hiyohiyo ya dawa ndiyo tunayoikuta mwishoni mwa ngano ya Masala Kulangwa. Bibi anashindwa kumdhuru kijana kwa sababu rafiki zake wanamlinda. Wakati huo kijana ana kila sababu, kwa mantiki ya kawaida ya kulipiza kisasi, ya kummaliza. Ameua zimwi, ana kisu mkononi, umati uko upande wake, na mwanamke huyu ametajwa hadharani kuwa anataka kuloga. Badala yake anakwenda kutafuta dawa. Anatibu sikio. Utemi unatajwa baada ya tiba.

Kwa nini hakumuua? Ngano haisemi kwa maneno, ila muundo wake unasema. Kijana huyu ameambiwa mara nne kwamba alichokiua sicho zimwi. Amefundishwa kusimama mbele ya kiumbe na kujiuliza kama kweli ndicho kilichowameza watu. Bibi kizee hakumeza mtu. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomezwa. Safari hii mama hahitaji kusema neno, kwani mwana amekwisha kuelewa. Kama jina Masala Kulangwa lina uzito wowote, uzito wake unaonekana hapa kuliko pale alipoua.

Inaweza kupingwa kwamba tiba hiyo ni njia ya kumnyamazisha, kwa kuwa baada ya kuponywa bibi hasemi tena. Pingamizi hili ni la haki. Ngano haimpi kiti wala sauti, na haimwombi msamaha. Hata hivyo, inakiri jambo ambalo usomaji wa kisiasa na wa kidini huliruka: kwamba ukombozi uliumiza mtu, kwamba aliyeumizwa alikuwa na sababu ya kukasirika, na kwamba jeraha hilo ni deni la mkombozi. Kuiita hasira yake uchawi hakukulifuta deni.

5.0 Kutoka Makapini hadi Ukanda wa Dhahabu

Usomaji huu una uzito gani katika eneo ambalo ngano hii ni mali yake? Shinyanga na Geita za leo si zile za rundo la makapi. Mwadui imechimba almasi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukafuata mwaka 2001. Kandokando ya migodi hiyo kuna maelfu ya wachimbaji wadogo wanaoteremka mashimoni bila uhakika wa kupata chochote. Bryceson, Jønsson na Sherrington (2010) wameeleza jinsi hali hiyo ya kubahatisha ilivyofungua soko la hirizi za bahati, na jinsi soko hilo lilivyohusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshika kasi katika Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwahukumu adhabu ya kifo wanaume watatu kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino mkoani Shinyanga. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli.

Katika mazingira haya taswira mbili za ngano zinarudi. Ya kwanza ni mama anayeficha mtoto. Katika miaka ya mauaji, wapo wazazi waliowafungia watoto wao wenye ualbino ndani, na wapo waliolazimika kuwaacha katika vituo vilivyolindwa, kama vile Buhangija mjini Shinyanga. Mama wa ngano alijificha na mtoto aliye tumboni, na akakaa naye hadi alipouliza. Mama wa Buhangija alilazimika kumficha mtoto hata na yeye mwenyewe. Siri ya kwanza ilijenga uhusiano wa mama na mwana, na ya pili iliukata. Na mara nyingine hatari ilikuwa ndani ya ukoo, kwa watu wanaojua mtoto analala wapi. Shing'weng'we wa namna hii yuko karibu na paka wa sultani kuliko jitu la milimani.

Taswira ya pili ni kijana anayerudi akiimba. Mpiga ramli anataja jina, wakata mapanga wanakodiwa, kikongwe anauawa, na familia inaamini kwamba imelishinda lililokuwa likiwameza watoto wake. Mwakani mtoto mwingine anafariki, kwa malaria au kwa maji machafu, na jina jingine linatajwa. Huyu ni kijana wa panzi bila mama. Hakuna anayekitazama kilicholetwa na kusema kwamba sicho. Mamlaka ya kutambua zimwi imetoka kwa yule aliyeliona na kuhamia kwa anayelipwa ili alitaje. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1928 na ambayo ingali katika vitabu vya sheria, haikuweza kuijaza nafasi hiyo, wala misako ya Sungusungu iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikuweza.

Hatudai kwamba ngano moja ingezuia panga. Wala si kweli kwamba jadi ilikuwa salama na usasa ndio ulioharibu, kwani tumeona kwamba ngano yenyewe inambebesha bibi tuhuma ya kuloga. Tunachodai ni kidogo zaidi na kinaweza kuthibitishwa katika simulizi: katika jadi ya Kisukuma, sehemu ileile inayomtuhumu mwanamke mzee ndiyo inayoagiza atibiwe. Anayetumia jadi kuhalalisha mauaji ameisikia nusu ya sentensi.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ngano ya Masala Kulangwa ina mihimili miwili ambayo usomaji wa shujaa huificha. Mama ndiye mwenye siri na mwenye kipimo, na bila kukataa kwake hakuna ushindi wa kweli. Bibi kizee ndiye mahali ambapo mafunzo ya mama yanajaribiwa, na mwana anafaulu kwa kutafuta dawa.

Kwa walimu na wanafunzi wa fasihi simulizi, hili linaelekeza kazi mbili. Ya kwanza ni ya nyanjani: kukusanya matoleo ya ngano hii katika makambi ya wachimbaji na vijiji vya Kahama, Bukombe na Geita, na kuchunguza ni wasimulizi gani wanaolitaja sikio na ni wepi wanaoishia kwenye sherehe. Msimulizi anayeliacha sikio anasimulia ngano nyingine. Ya pili ni ya darasani. Tunapoifundisha ngano hii kama sitiari ya ukombozi, tusiharakishe kufika kwenye utemi. Tusimame kwanza kwa yule mwanamke anayevuja damu, asiye na jina, ambaye umati umeanza kumtazama kwa jicho baya, kisha tuwaulize wanafunzi swali ambalo mama wa Masala Kulangwa angeuliza: huyu alimmeza nani?